Nataka kadi ya Johnny Bench ya peke yake

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mi nipo Mtwara, Shangani, shuleni tunacheza besiboli na mi ndo kecha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji anadaka. Namkubali sana Johnny Bench, kecha wa zamani wa Cincinnati Reds, timu ya besiboli ya Marekani, nataka nitengeneze kadi zake za enzi anaanza, zile kadi za picha za wachezaji ambazo watu wanakusanya, maana orijino bei zake sio za kwetu, ila nimeiona picha ya kadi yake ya kwanza kawekwa na jamaa mwingine, nikachoka. Naruhusiwa? Na zinatengenezwaje?
Kecha wa Shangani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa huyo ni Ron Tompkins, mrushaji. Kampuni ya Topps mwaka 1968 ilikua inawabana chipukizi wa timu moja kwenye kadi moja, hiyo yao ni namba 247, nani angejua mmoja wao ataingia Hall of Fame, yaani jumba la heshima la magwiji wa besiboli, 1989?

Sasa we mpe ya kwake ya 1967. Nyuma andika kakulia Binger, Oklahoma, Reds wakamchukua 1965 raundi ya pili ya timu kuchagua chipukizi, akaanza ligi kubwa tarehe 28 Agosti 1967, akacheza mechi 26 kwa wastani wa kupiga wa 0.163. Mbovu eeh? Usiufiche, huo ndo utamu wenyewe, kwasababu mwaka uliofuata alicheza mechi 154 akabeba tuzo ya chipukizi bora wa National League, moja ya ligi mbili kubwa za besiboli Marekani, kecha wa kwanza kuipata.

Saizi ni milimita 64 kwa 89. Nenda stesheneri waprinti mbele na nyuma kwenye karatasi mbili, ubandike kwenye manila nzito kwa gundi ya stiki, ile ya maji achana nayo, kwa unyevu wa bahari hapo Mtwara kadi itajikunja kabla haijakauka, halafu ikandamize na vitabu usiku kucha. Kata kwa kisu na rula ya chuma, mkasi unakula kona. Na usiilaminishe bwana, itakua kama kitambulisho cha mpiga kura.

Kuhusu ruhusa, kuweka kwako au kumpa mwenzako wa timu sioni shida, ila kuuza hapana, picha ina mwenyewe na nembo ya Reds ina mwenyewe. Nembo ya Topps usiiweke kabisa, pale chini andika imetengenezwa Mtwara na mwaka, asije mtu akauziwa kama ya zamani. Kama unajua kuchora mchore tu, mi ningechora.