Miguu ikilegea, usipoteze siku kama nilivyopoteza mimi

Jana usiku dada mmoja wa Arua kaniandikia inbox, mumewe miguu imelegea siku ya nne sasa, anauliza ile ya kuoshwa damu niliyofanyiwa nilipopooza kwa ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré ni kweli au ni biashara ya watu. Dada yangu ni kweli kabisa, mimi hapa Tororo leo nimekwenda sokoni kwa miguu yangu na nimerudi na mzigo.

Yangu ilianza na kuharisha, siku tatu nikapona nikasahau. Wiki mbili baadaye vidole vya miguu vikaanza kuwaka kama vimepakwa pilipili, kesho yake ngazi zimenishinda, keshokutwa kikombe cha chai kinaniponyoka. Kliniki ya kwanza wakasema malaria, wakanitundikia dripu nikarudi nyumbani. Ya pili wakasema mgongo. Shemeji akasema nimerogwa nikabebwa kwa mganga, siku sita zikaishia hapo na hadi leo zinaniuma, maana siku ya saba nilikuwa siwezi hata kukohoa.

Tukauza kiwanja tukavuka Malaba hadi Nairobi. Daktari wa neva akanigonga goti na kinyundo, mguu kimya. Akanitoa maji ya uti wa mgongo, akasema ni Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili wako inageuka inashambulia neva zako mwenyewe, mara nyingi baada ya mdudu wa tumbo au mafua.

Wanakuwekea mrija mnene shingoni, damu inaingia kwenye mashine, inatenganisha chembe za damu na yale maji ya njano, plazma, ambayo ndiyo imebeba antibodi, yaani askari wa kinga, zinazokula neva. Plazma inatolewa, unawekewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, chembe zako zinarudi mwilini. Mfuko ulikuwa unajaa pale pembeni, rangi ya juisi ya nanasi, nikawa nautazama tu nikisema kumbe hiki ndicho kilichonilaza. Midomo ikaanza kunichonyota, nesi akasema kalsiamu imeshuka, akaniongezea. Kwa hiyo ukisikia hivyo sema, usijikaze. Nilifanyiwa mara tano, siku moja tunaruka. Baada ya ya tatu kidole gumba cha mguu kikatikisika, mama akapiga kelele wodi nzima ikaamka.

Sasa nisikilizeni. Ulegevu unaopanda kutoka miguuni sio wa kusubiri! Kubadilishwa plazma hivi kunasaidia zaidi ukianza ndani ya wiki mbili, hata ndani ya nne bado kunafaa, lakini kila siku unayokaa nyumbani neva zinaliwa. Kama mashine hakuna ulizeni dripu ya imunoglobulini, yaani antibodi kutoka damu ya watu wazima wa afya, ya siku tano, kwa ugonjwa huu matokeo yanalingana, ila msikubali mashine mara tu baada ya dripu, itaitoa dawa mliyoilipia. Vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza kinga, kwa Guillain-Barré havisaidii, mimi nilivimeza bure. Na jamani tuache kukimbilia kusema mtu karogwa, mgonjwa anasikia kila kitu hata kama hawezi kugeuka.

Dada wa Arua, mwambie mumeo avute pumzi moja ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu. Akikwama kabla ya 20 ondokeni usiku huu huu, hospitali yenye ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Akivuka 20, bado ondokeni leo, na njiani mhesabishe tena.