Kuhariri makala za kalingi ya Olimpiki ukiwa Kigoma, niulizeni mimi

Juzi kati kijana mmoja kanitumia meseji, "Bro, nimeona jina lako kwenye historia ya makala ya kalingi ya Olimpiki huko Wikipedia, we si wa Ujiji wewe? Barafu umeijulia wapi?" Nikacheka. Halafu nikaona nijibu hapahapa, maana wengi mnaonisoma najua na nyie mnataka makala zenu za Wikipedia zitoke kwenye mbegu (vile vimakala vifupi vya kuanzia) zipande daraja, ila mnaogopa mada za mbali.

Kwa ambao hawaijui, kalingi ni ule mchezo wa jiwe la granite, kilo kama 18 hadi karibu 20 hivi, mtu analisukuma kwenye barafu na wenzake wanatangulia mbele na brashi wanasugua, barafu inapata joto kidogo, jiwe linateleza mbali zaidi na halipindi sana. Mawe yenyewe granite yake inatoka Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Scotland. Hayo yote nimeyasoma tu, na kusoma hakuna viza.

Sasa ushauri, na kwa kweli ndio huuhuu: anza na jedwali. Maandishi baadaye. Jedwali la medali na maandishi vikipingana ujue kazi ipo hapo. Mimi makala niliyoikuta jedwali lake lilianzia Olimpiki ya Nagano 1998, lakini aya ya juu inasema mabingwa wa kwanza ni Uingereza, Olimpiki ya Chamonix 1924. Mwingine angefuta kimoja akalala zake. Mimi nikachimba. Kumbe vitabu vingi vya zamani vilikuwa vinaihesabu 1924 kama maonyesho tu, yaani medali zake si rasmi, mpaka 2006 gazeti la Glasgow, The Herald, lilipolivalia njuga na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakubali kwamba zile medali ni halali, dhahabu Uingereza (wachezaji wote Waskoti), fedha Sweden, shaba Ufaransa. Kwa hiyo kitabu cha 1990 hakidanganyi na tovuti ya leo haidanganyi, tatizo ni wewe unayebandika chanzo bila kuangalia mwaka wake. Na 1932, 1988 na 1992 zilibaki maonyesho hadi leo, msije mkazisomba zote.

Ripoti rasmi ya michezo ya 1924 ipo mtandaoni bure, iliskaniwa, ila ni Kifaransa. Hapo ndipo Kigoma inakuzidi wewe uliyeko Dar! Nikaenda Mwanga kwa mama mmoja wa Kikongo anauza vitenge, Kifaransa amesoma nacho shule, nikamuwekea simu mbele. Anasoma huku anapima kitenge cha mteja, akifika kwenye jina la mtu anaisogeza simu machoni, "ngoja, hii ni jina ya muntu ao ya mahali?" Nikamuonyesha na picha ya wachezaji na mabrashi yao. Akaniangalia. "Sasa hawa bazungu banafagia barafu juu ya nini?" Nikamweleza habari ya joto, akasema sawa, ila sura yake ilikataa kabisa.

Nilivyoweka marekebisho yangu, na vyanzo vyake, kuna mtu (simtaji, na jina alilotumia wala si jina) akayafuta ndani ya lisaa, akaandika kwenye majadiliano kwamba mada za theluji waachiwe watu wa theluji. Hakugusa chanzo hata kimoja. Nikarudisha na namba za kurasa, akanyamaza, mpaka leo kimya, na marekebisho yapo palepale nendeni mkaangalie. Siwezi kusema haikuniuma. Iliniuma. Ndio maana nawaambia vijana, ukibishana weka ukurasa, usiweke hasira, na usiombe ruhusa ya kujua kitu. Watu wetu tuna ugonjwa huo, tunaachia wengine hata kurekebisha jedwali!

Kwenye kupima daraja nako kuna uvivu. Watu wanaangalia urefu, makala ikiwa ndefu wanaipa daraja B, lililo juu ya C, wanaondoka. Mimi nilipima moja ndefu kweli, wanaume wamechambuliwa mechi kwa mechi, wanawake mstari mmoja. Wakati Nagano waliingia pamoja! Kanada ya Sandra Schmirler ikabeba dhahabu, na Denmark wakapata fedha ambayo ndiyo medali yao ya kwanza kabisa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Jambo kama hilo halimo halafu unaipa B? Nikaishusha hadi C na sababu nikaandika. Ukishusha bila kuandika sababu wewe ni mharibifu tu. Na anza na jedwali, narudia, medali za wanawake zilikuwemo kwenye jedwali muda wote, ni maandishi yaliyozikimbia.

Kijana wangu wa meseji, sehemu ya wawili wawili, mwanaume na mwanamke, iliyoanza PyeongChang 2018, bado nyembamba sana, ichukue. Ila shaba ya mwaka ule angalia vizuri. Walioshinda uwanjani ni Warusi, mmoja wao, Krushelnitskiy, akakutwa na meldonium, dawa iliyokatazwa michezoni, shaba ikaenda Norway. Habari zilizoandikwa siku ya mechi yenyewe zitakuonyesha Warusi, na kuna mtu atakuja nazo kukufutia. We mjibu kwa tarehe, na akileta habari za theluji nitag.