Laini mbili, kampuni mbili, mbona zinakata pamoja?

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasimamia mtandao wa hoteli hapa Moshi, tunalipia intaneti ya fiba kwa kampuni mbili tofauti kabisa ili moja ikifa nyingine ishike. Rauta, kile kifaa kinachochagua laini ya kutumia, nimeijaribu kwa kuchomoa waya, inahama fresh. Sasa katapila lilikuwa linachimba barabarani likapita na fiba, laini zote mbili zikalala mpaka jioni, wageni wanagomba mapokezi. Kosa ni la rauta?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba ndugu yetu, na pole sana. Rauta haina kosa, usiiguse. Shida ni kwamba rauta inaona tabaka la juu tu, yani anwani za IP (namba za vifaa mtandaoni) na rauta jirani yake ni ipi, ya chini haiyaoni. Chini yake kuna tabaka la mwanga, maana kwenye uzi mmoja wa kioo wanapitisha rangi nyingi za mwanga kwa mpigo, 80 ni kawaida tu, na kila rangi inabeba gigabiti 100 au zaidi na inaweza kukodishwa kwa kampuni yake. Chini kabisa ndo kuna kebo yenyewe na mfereji ilimolazwa. Kwahiyo kampuni zako mbili zinaweza kuwa kwenye kebo au mfereji mmoja, ni kama umekata tiketi kwa mabasi mawili tofauti ya Dar kwenda Moshi ila yote yanavuka daraja la Wami, daraja likifungwa hata ungekata tiketi kumi hufiki.

Na hili linawakuta hata wakubwa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika zote upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania intaneti ikawa shida kweli kweli, na ikumbukwe Seacom ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huohuo, trafiki nyingi, yani data zinazopita, ikawa imesukumwa kusini. Kenya waliumia pia ila wao pale Mombasa wana kebo nyingine kama TEAMS inayoenda Fujairah, Falme za Kiarabu, wakapata pa kupumulia.

Cha kufanya: waombe wote wawili ramani ya njia ya kebo, faili la KMZ, ukilifungua kwenye Google Earth unaziona njia zote mbili juu ya barabara zako. Angalia zinapokutana, mfereji, nguzo, daraja, hata lile tundu moja la ukutani zinapoingilia hotelini, hapo watu wengi wanapasahau. Wakikataa kukupa ramani usisaini. Na mkataba useme wakibadili njia wakwambie kwanza, maana huwa wanahamisha wateja kwenye kebo nyingine kimyakimya na rauta yako haitaonyesha chochote. Kama mtaani kwenu mfereji ni mmoja tu, basi laini ya pili iwe redio ya mnarani au satelaiti, ila uliza pia huo mnara wenyewe unalishwa na fiba gani.

SWALI: Fiba ikikatika nani anahamisha trafiki, mitambo ya mwanga au rauta?
Mwanafunzi, Dar

JIBU: Inategemea wamelipia nini. Kuna kinga ambayo mwanga unatumwa njia mbili kwa wakati mmoja na upande wa pili unachagua ulio mzima, inahama ndani ya milisekunde 50, mtu yuko kwenye simu hasikii kitu. Ila inakula njia mara mbili, ni ghali, ndo maana wengi wanaziachia rauta. Zikiwepo kinga zote mbili, ya mwanga na ya rauta, rauta lazima ipewe subira kidogo mwanga uhame kwanza, la sivyo kila tabaka linahama kivyake trafiki inayumba bure.

Kitu cha kuangalia zaidi ni hiki: kati ya rauta mbili kukiwa na swichi (kifaa cha kuunganishia waya), fiba inaweza kufa mbele huko na taa ya poti ikabaki inawaka kijani, rauta inadhani mambo safi. BGP, lugha ya rauta kuambiana njia, kwenye rauta za Cisco bila kubadilisha kitu inasubiri sekunde 180 ndo ikubali jirani kafa, dakika 3 nzima data zinamwagwa. Washa BFD, yani rauta kuulizana kila mara kama mwenzake yuko hai, pande zote mbili, itagundua chini ya sekunde moja.