Je, nimheshimu baba mkwe aliyepigana vita nisivyoviafiki?

SWALI: Assalaam alaykum, ustadh. Naishi Kibra. Baba mkwe wangu ni mwanajeshi mstaafu. Mwaka 2012 alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichoingia Kismayu, Somalia. Mama yangu ni Msomali, na jamaa zake huko walipoteza watu na mali. Kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya Jeshi la Ulinzi, familia ya mume wangu humsomea mzee dua na kupika. Nampenda mzee, lakini nikikaa pale nahisi nawasaliti wajomba zangu. Nisihudhurie?

JIBU: Wa alaykumus-salaam, binti yangu. Hudhuria, wala usijilazimishe kuvifurahia vita.

Moyo wako hauna kasoro. Mwenyezi Mungu alipowafaradhishia Maswahaba kupigana, alisema wazi kwamba jambo hilo wanalichukia (Al-Baqara, 216). Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kutamani kukutana na adui, akatuamuru tuombe salama. Kuipenda nchi si dhambi. Yeye mwenyewe aliipenda Makka. Dhambi ni kuwaunga mkono watu wako hata wakidhulumu.

Sasa zingatia kisa cha Khalid bin Walid. Alitumwa kwa kabila la Banu Jadhima, nao wakatangaza kusilimu kwa maneno yasiyonyooka. Khalid akawaua baadhi yao na kuwateka wengine. Habari zilipomfikia Mtume, aliinua mikono akasema mara mbili: "Ewe Mola, najitenga Kwako na alilolifanya Khalid." Kisha, wanasimulia wapokezi wa sira, akamtuma Ali na mali, akalipa dia, yaani fidia ya damu, ya waliouawa na fidia ya kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Tua hapo kidogo, binti yangu. Mtume alijitenga na kitendo, akawalipa walioumizwa mpaka chombo cha mbwa, na Khalid akabaki kamanda wa Waislamu. Yote hayo yalikaa katika moyo mmoja.

Alichofanya mzee Kismayu mimi sikijui, na nadhani hata wewe hukijui. Uamuzi wa kwenda vitani haukuwa wake. Kama alimdhulumu mtu kwa mkono wake, amri ya mkubwa haimwokoi, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini hesabu hiyo si yako kuipiga.

Hapa Nairobi tumezoea kuvitukuza vita na kuwasahau watu. Sanamu za askari wa Vita Kuu ya Kwanza pale Kenyatta Avenue zina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayoahidi kwamba anayeipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina hata moja halikuandikwa. Na huko kwenu Kibra, wajukuu wa Wanubi waliotumikia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walingoja hati ya ardhi hadi 2017. Kwa hiyo usiipime heshima kwa bendera. Mzee akitaka kusimulia, kaa umsikilize, akinyamaza, msimchokonoe. Akiwa anashtuka usiku, mpelekeni kwa daktari, msiseme tu ni majini.

Siku ya dua, mwombe mumeo amwambie anayeongoza awataje pia Waislamu waliokufa Kismayu. Sidhani mzee atakataa kuitikia amin. Wakikataa wengine, waombee wajomba zako kimoyomoyo hapo hapo ulipoketi. Wala usimfiche mama yako kwamba ulikwenda: mwambie ulikwenda, na uliwaombea kina nani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.