Karani mwaka wa 12, bosi mkono wa birika: kiinua mgongo kinahesabiwaje?

Swali: Ni karani duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, nimemaliza miaka 12. Mzee ni mkono wa birika, hesabu ikipungua ananikata, likizo sijawahi kuiona, mkataba wa mdomo tu. Ila funguo zote za stoo ninazo mimi, ananiamini kuliko wanae. Nimechoka nataka niache, kiinua mgongo changu ni shingapi?

Jibu: Kaka, kwanza nakuomba usiandike barua ya kuacha kazi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kiinua mgongo kinalipwa pale mwajiri ndo kakuachisha, ukiondoka kwa hiari yako hakipo, na hapa ndo makarani waaminifu wengi wanaumia, mtu kavumilia miaka yote afu siku moja ya hasira anaandika mistari miwili anajifutia haki yake.

Hesabu ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa hiyo ile 2 ya juu haihesabiki. Tuseme mshahara wa msingi ni 312,000 kwa mwezi na unaingia siku 6 kwa wiki: gawa kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi, unapata 12,000 kwa siku, mara 7 mara 10, jumla 840,000. Ni ndogo kwa mtu aliyelinda mali ya mwenzie muda wote huo, inaniuma hata kuiandika.

Kukatwa nako kuna utaratibu, akuandikie hasara imetokana na nini na ni kiasi gani, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nenda pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie michango yako, ni asilimia 20 ya mshahara na nusu yake walau ni ya mzee. Mkataba wa mdomo usikutishe maana mkifika CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, bila maandishi, mwajiri ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha masharti mliyokubaliana. Ila muda wa kupeleka madai huko ni mfupi: siku 30 kama umeachishwa, 60 kwa madai mengine.

Najua kumwandikia mzee utaona kama unamsaliti, sivyo kabisa. Anza na barua ya kuomba likizo yako ya siku 28 yenye malipo, nakala akusainie kuwa kapokea, ikae nyumbani kwako.