Kijiti cha mita moja, Tanga na Berlin

Wiki hii mmeuliza: “Kuunganisha shule zetu na shule za nje kwa njia ya mtandao kunaongeza kweli ari ya wanafunzi, au ni kupoteza vipindi?” Nafundisha Hisabati kidato cha pili na cha tatu mjini Tanga. Jibu langu ni kwamba kunaongeza ari, tena sana, ila kwa sharti ambalo miradi mingi hailitimizi: kila upande uwe na kitu ambacho upande wa pili unakihitaji na hauwezi kukipata kwingine.

Sharti hilo likikosekana, mwendo wa mambo ninaujua. Wiki ya kwanza darasa zima linagombea nafasi mbele ya kompyuta. Wanasalimiana, wanaulizana majina, timu za mpira, chakula wanachokipenda. Baada ya wiki chache maswali yamekwisha na kompyuta imebaki na wanafunzi wawili watatu wanaopenda kompyuta kwa vyovyote vile. Kibaya zaidi ni urafiki unapoegemea upande mmoja: wao wanauliza kama tuna maji na umeme, sisi tunajibu, wao wanachangisha madaftari, sisi tunapiga picha ya kushukuru. Madaftari yanasaidia, siyakatai. Lakini mtoto anayezoeshwa kushukuru tu hajioni kuwa ana maarifa ya kumpa mwenzake, na mimi naamini ari ya kusoma inaanzia hapo.

Nieleze kazi moja tunayoifanya na shule rafiki ya Berlin. Tarehe 20 au 21 Machi, na tena 22 au 23 Septemba, jua la utosi huwa juu ya Ikweta. Sisi Tanga tuko nyuzi 5 hivi kusini ya Ikweta, wao wako nyuzi 52 na nusu kaskazini. Siku hiyo, mchana jua linapofika juu kabisa, kijiti cha mita moja kikisimikwa wima katika uwanja wetu hutoa kivuli cha sentimita 9 hivi, kikielekea kusini. Berlin kijiti cha urefu uleule hutoa kivuli cha sentimita 130, kirefu kuliko kijiti chenyewe, nacho kinaelekea kaskazini. Mwanafunzi anagawanya kivuli kwa kijiti, anatafuta pembe kwenye jedwali la tanjenti, kisha anajumlisha pembe yake na ya mwenzake: 57.5. Umbali wa kutoka latitudo moja hadi nyingine, ukipimwa kwa uzi juu ya globu, ni kama kilometa 6,400. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 57.5, na umepata mzingo wa dunia, kilometa 40,000 na kidogo.

Ni njia ya Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki aliyelinganisha jua la Alexandria na la Syene, Aswan ya leo, nchini Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kwa wanafunzi wangu uzito wake uko kwingine. Mada ya dunia kama tufe ni kati ya zile zinazowatisha wengi. Latitudo wanazikariri bila kuziona. Hapa hesabu haikamiliki bila sentimita zetu 9. Wajerumani hawawezi kuzipima kutoka kwao hata wawe na vifaa gani, nasi hatuwezi kupima 130 zao. Kundi likiandika 18 mahali pa 9, dunia inasinyaa hadi chini ya kilometa 37,000, na ujumbe unakuja kutoka Berlin kuuliza kulikoni. Hapo utawaona wanarudi uwanjani wenyewe, wanashusha timazi, wanagundua kijiti kililala upande. Nikiwaambia mimi warudie, wananuna. Akiuliza mwenzao wa rika lao, wanakimbia.

Nguvu hiyo ya kusomwa na mwenzako wa mbali ilijulikana kabla ya intaneti. Miaka ya 1920 mwalimu Célestin Freinet, katika kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, aliingiza mashine ndogo ya kupiga chapa darasani. Watoto walichapa maandishi yao wenyewe na kuyatuma kwa posta kwa shule ya Brittany, mwisho mwingine wa nchi. Watoto wa milimani wakasoma habari za bahari zilizoandikwa na watoto wa pwani. Mwaka 1988, Vita Baridi ikiwa bado haijaisha, shule za New York na za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta, na mradi huo ndio uliozaa iEARN, mtandao unaounganisha shule za nchi nyingi kwa miradi ya pamoja. Mwaka uliofuata watafiti Moshe Cohen na Margaret Riel walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la saba nchini Israeli: insha walizowaandikia wenzao wa nchi nyingine zilipata alama za juu kuliko zile walizomwandikia mwalimu ili awapime. Watoto walewale, lugha ileile. Aliyebadilika ni msomaji.

Sasa vifaa. Wakuu wa shule wengi wanasita kwa kudhani inahitajika maabara ya kompyuta. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na kazi hii haihitaji wawe nazo. Simu ya mwalimu inatosha: picha ya kijiti na rula, jedwali lililoandikwa kwa mkono na kupigwa picha, ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili. Video ya moja kwa moja tunaiacha hadi mwisho, mara moja tu, kwa sababu inakula bando na inawapa nafasi wasemaji hodari peke yao. Ujumbe wa sauti unampa mwoga muda wa kujaribu mara nne kabla ya kutuma. Nimewasikia humo wanafunzi ambao darasani sauti zao sizijui.

Mawasiliano yote yapite kwa mwalimu kwenda kwa mwalimu. Namba za simu na majina kamili ya watoto yasitumwe, sura zao zisionekane bila idhini ya mzazi. Ulaya wana eTwinning tangu 2005, mpango wa kuunganisha shule kwa mtandao, ambako madarasa hufanya kazi katika ukumbi uliofungwa kwa watu wa nje. Sisi tusio na ukumbi kama huo tuwe wakali mara mbili.

Wenzangu wa lugha wanaweza kusema kivuli hakiwahusu. Wao wana utajiri mkubwa kuliko wangu. Afrika Kusini imekiruhusu Kiswahili kuwa somo la hiari shuleni tangu 2020, Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kuna vijana huko wanaohangaika na ngeli, na mwanafunzi wa Tanga anayejiona hajui kitu kwa sababu Kiingereza kinamkwama angekuwa mwalimu wao. Mpeni nafasi hiyo muone atakavyokaa darasani siku inayofuata.

Kuhusu kupoteza vipindi: kazi yote inaingia ndani ya mada zilizomo katika muhtasari, trigonometria na latitudo, kwa vipindi ambavyo ningevitumia hata hivyo. Kinachohitaji akili ni kalenda. Mwaka wetu wa shule unaanza Januari, wa Berlin Agosti au Septemba. Sisi tuko likizo Juni, wao Julai na Agosti. Na kuanzia Oktoba vidato vya mitihani havigusiki. Kwa hiyo Machi ndiyo mwezi wangu, ingawa masika yanaweza kuleta mawingu. Mawingu yakifunga, tunapima siku inayofuata. Jua husogea chini ya nusu nyuzi kwa siku, na hesabu haiharibiki sana. Wakati huo jua hufika juu kabisa Tanga kama saa sita na nusu mchana, Berlin saa nane na robo kwa saa zetu, hivyo vipimo vyetu vinatangulia.

Mwalimu anayetaka kujaribu Machi ijayo aanze kutafuta shule rafiki mapema, Septemba au Oktoba, wenzetu wa kaskazini wanapopanga mwaka wao. Mkubaliane kwanza urefu wa kijiti, na kwamba kila kundi la wanafunzi wanne litatuma kipimo chake lenyewe, hata kama hakifanani na cha jirani.