Kabla Hujampigia Afande Simu

Machi 2019 mtaa wetu ulikuwa haulali. Nyumba tatu zilikuwa zimevunjwa ndani ya wiki mbili, moja wapo watu wakiwa ndani wamelala, na kwa fundi cherehani waliondoka na vyerehani vyote viwili pamoja na vitambaa vya wateja. Kikundi chetu cha WhatsApp, ambacho zamani kazi yake ilikuwa kutangaziana kwamba maji yametoka na maandazi ya Mama Zuhura yako tayari, kikageuka ofisi ya upelelezi. Kila aliyepita na begi mgongoni alipigwa picha.

Wa kwangu nilimwona Jumatano. Kijana mrefu, mwembamba, amevaa sweta lenye kofia na jua la Dar tunalijua. Alisimama ng'ambo ya barabara chini ya mwarobaini, akatazama geti langu, akatazama la jirani, akatoa kikaratasi mfukoni, akakisoma, akaondoka. Alhamisi akarudi. Ijumaa saa kumi na moja jioni, umeme umekatika, huyo tena. Nilikuwa na namba ya askari mmoja aliyetugawia kwenye kikao cha ulinzi shirikishi. Nikampigia: "Afande, kuna kibaka anachora ramani huku kwetu, leo siku ya tatu."

Irudie hiyo sentensi. Kosa langu la kwanza limo humo humo. Kibaka, nilimjulia wapi? Nilichokiona kwa macho yangu ni mtu amesimama chini ya mti anasoma karatasi. Kama ningelisema hilo, yule afande angeniuliza ameshika nini, amejaribu kuingia kwa mtu, amezungumza na nani. Maswali hayo yangenifanya nijione mjinga, na pengine ningekata simu. Lakini mimi sikutoa taarifa, nilitoa hukumu. Yeye akapakia vijana wake kwenye difenda wakaja kukamata kibaka, kama walivyoambiwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nikaandika kwenye kikundi: "Jamaa yupo hapa nje kwangu, polisi wanakuja." Difenda lilichukua kama dakika arobaini. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walichukua dakika nne.

Nilichungulia kwa pazia. Sitaeleza yote. Walimkalisha chini, wakamvua mkanda na viatu, wakawa wanamuuliza swali, na kila akifungua mdomo kujibu anapigwa kofi. Aliyemuokoa ni mzee wa duka la mkaa, aliyesimama katikati akasema mkimuua huyu mtajibu nyinyi, mimi nawajua kwa majina. Polisi walipofika, nitasema kweli, nilishukuru. Safari hii walikuwa wanamwondoa mikononi mwetu.

Tunasahau haraka. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na wanakijiji, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji waliona wageni wana gari na vifaa wasivyovielewa, likatoka neno kwamba ni wanyonya damu, basi. Agosti 2021 majirani zetu Kenya nao walizika vijana wanne waliouawa upande wa Kitengela, Kajiado, wakidhaniwa wezi wa mifugo. Sehemu zote mbili kulikuwa na mtu wa kwanza, yule aliyetamka neno. Mimi katika mtaa wangu nilikuwa huyo mtu.

Usiku ule afande akanipigia: "Mama, njoo kituoni uandike maelezo." Nikasema nitakuja kesho. Sikwenda. Niliona yangu nimemaliza, na nani anataka jina lake liandikwe kwenye jalada la kibaka ambaye kesho ataachiwa na anajua geti lako?

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hatulijui, nami nilielezwa na binamu yangu ambaye ni wakili. Ukipiga simu kisha ukatoweka, humwachi yule mtu huru. Unamwacha akiwa ameshikwa na hakuna anayejua kwa nini. Hakuna mlalamikaji, hakuna kilichoibwa, hakuna shahidi. Basi kitabuni ataandikiwa kitu kinachoweza kubeba chochote, na kwa kawaida kitu hicho ni uzururaji.

Uzururaji ni kosa tulilorithi kwa mkoloni. Kanuni yetu ya Adhabu ni ya mwaka 1945, na maneno yake kuhusu mtu anayeranda bila kujieleza vizuri yana ukoo na sheria ya Waingereza ya mwaka 1824, waliyoitunga kuwabana masikini wao. Mahakama Kuu ya Malawi ilikifuta kifungu cha aina hiyo mwaka 2017, katika kesi ya mmachinga aliyekamatwa Blantyre alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Arusha si mbali, lakini kutoka pale hadi kaunta ya kituo cha mtaani ni safari ndefu.

Sheria inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kama haiwezekani na kosa si kubwa, apewe dhamana. Tangazo liko ukutani, wengi mmeliona: dhamana ni haki, dhamana ni bure. Sawa. Lakini dhamana inataka mdhamini, na mdhamini anatakiwa awe mtu anayefahamika, mwenye kitambulisho na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Mgeni ana nani? Halafu hesabu siku: nilipiga simu Ijumaa jioni. Jumamosi na Jumapili mahakama zimefungwa.

Jumapili mchana dada wa kazi wa jirani yangu alibisha hodi, macho yamevimba, akaomba simu apige Singida. Bosi wake alikuwa amemnyang'anya ya kwake wiki tatu nyuma kwa kosa la kuongea usiku. Mama yao alikuwa ameanguka na kupooza upande mmoja, na huko kwao wakimpigia binti hawampati hewani, ndipo wakamtuma kaka yake aliyekuwa saidia fundi Kigamboni aende kumtafuta. Maelekezo aliyopewa yalikuwa kwenye kile kikaratasi: geti la bluu, mkabala na mwarobaini.

Upande wetu wa barabara, mageti ya bluu ni matatu.

Kwa nini hakubisha hodi? Nilijiuliza hivyo kwanza, kwa hasira kabisa, kana kwamba kosa ni lake. Dada ndiye aliyenijibu: alikuwa anaogopa akigonga geti silo ataitwa mwizi. Akaona asubiri, dada akitoka kutupa taka amwone.

Jumatatu nilikwenda na binamu yangu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kijana alitoka saa sita mchana, sikio limevimba, viatu havina kamba. Simu yake "haikuonekana". Kuna pesa ilitoka pia, na sitaandika ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Kigamboni nafasi yake ilikuwa imeshapata mtu mwingine, maana kibarua asiyeonekana siku tatu hatafutwi. Na waliovunja zile nyumba tatu hatuwajui hadi leo.

Nimeulizwa mara nyingi tangu hapo, hasa na wanawake wanaoishi peke yao na watoto: sasa tufanye nini, tukae tukisubiri tuvunjiwe? Hapana. Mtu akiruka ukuta wako, akijaribu kitasa, akiwa na panga, akimfuata mtoto, piga 112 hapo hapo, ni bure, na usimwulize mtu habari za asubuhi. Mimi nasema juu ya yule mwingine, ambaye ukibanwa useme amefanya nini, huna jibu isipokuwa amevaa nini na humjui.

Kwa huyo, silaha ya kwanza tumefundishwa tangu utotoni nasi tumeiacha: salamu. Usitoke peke yako, na huna haja ya kufungua geti. Simama ndani, au barazani, mwite jirani, kisha upaze sauti: "Habari za saa hizi kaka, unamtafuta nani tukuelekeze?" Mwenye shida yake atakueleza mpaka uchoke. Mwenye nia mbaya ameshajua kwamba ameonekana, sura yake imekaririwa, ataondoka. Bibi yangu kule Tanga hakuwa na kamera wala umeme wa ukutani, lakini hapakuwa na mtu aliyepita mbele ya baraza lake bila kuulizwa ni wa nani na anakwenda kwa nani.

Asipokuridhisha, nenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Hawa wanajua nani kahamia, nani ana mgeni, fundi gani yuko kwa nani. Kata nyingi siku hizi zina mkaguzi wake wa polisi, mtafute siku ya amani umjue, usisubiri siku ya hofu. Ukilazimika kupiga simu, sema ulichoona na ulipokionea, na pale usipojua sema sijui. Maneno kibaka, teja, panya road yaache. Wala usiongeze chumvi ili waje haraka. Kuwapa polisi taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa la jinai, na hata isipofika huko, afande aliyekimbizwa bure mara mbili, ya tatu atamalizia chai kwanza.

Na kwenye kikundi usiandike kitu mpaka mwenye mamlaka awe amefika. Hili ningeweza kulipigia mstari mara tatu. Picha ya mtu uliyoirusha haitarudi. Ya yule kijana niliiona miezi minne baadaye kwenye kikundi cha shule ya mwanangu, mtaa mwingine kabisa, imeandikwa "mwizi sugu, mkimwona toeni taarifa".

Mwisho, ukishapiga simu, fuata. Nenda kaandike maelezo, hata kama maelezo yenyewe ni "nilimwona amesimama, sina la zaidi". Sentensi hiyo moja, ikiwa jaladani usiku ule wa Ijumaa, ingeweza kumtoa mtu Jumamosi asubuhi. Inakera, inakula siku, utakaa kwenye benchi. Mwenzako amekaa sakafuni.

Jumanne alfajiri niliwapeleka Ubungo wapande basi la Singida, yeye na dada yake, ambaye bosi wake alimlipa mshahara wa nusu mwezi na kumwambia asirudi. Niliwakatia tiketi, nikawapa na kitu kidogo cha mgonjwa. Kijana alinipa shikamoo, nikaitika. Alinishukuru sana, akasema mtaa ule mzima ni mimi peke yangu niliyemjali. Kisha akaniuliza kama namfahamu aliyewaita polisi.

Nikamwambia simfahamu.